Eda Juu ya Mgodi

Mgodini Gahondo
8 Septemba 2025

Dada Mukantwari,

Assalaam alaikum. Barua hii nampa Evode wa maziwa aishushe mpaka Mahoko, na pale atampa mtu wa moto, yaani pikipiki, anayeelekea Mbugangari. Usiisome dukani mbele ya wateja. Ingia ndani, ukae kwanza.

Tumempata Baba.

Unajua chama cha urithi kimeniajiri kusafisha njia za chini, ili wageni waje kuona jinsi Wabelgiji walivyochimba gasegereti, lile jiwe la bati. Ijumaa tulikuwa tunatoa kifusi katika njia ya tatu, ile ambayo kampuni iliiziba mwaka 1985 ikasema haina kitu. Mwenzangu Mbarushimana akaacha kupiga sururu. Akaniambia, "Latif, simama kwanza. Iko mutu huku."

Walikuwa wawili. Mmoja hatukumjua. Wa pili alikuwa na taa yake ya kabidi, ile ya wachimbaji, kiunoni, na kwenye taa amekwaruza jina lake lote kwa msumari. TWAGIRIMANA. Herufi za mwisho zilikosa nafasi akazipandisha juu. Viongozi wa sekta walikuja kutazama, maana tangu mauaji ya 1994 mifupa ikionekana katika nchi yetu lazima iulizwe ni ya nani. Waliona kofia za mgodi, wakaona taa, wakaandika, wakamchukua yule asiyejulikana, Baba wakatuachia wenyewe. Sasa amelala stoo, amefunikwa shuka safi, na ufunguo anao mkubwa wetu wa chama, Nziza.

Kampuni ilisema ametorokea Zaire na mzigo wa gasegereti. Wewe ulikuwa na miaka mitano, mimi nilikuwa tumboni. Nimekua nikimchukia, dada. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilimchukia kwa kwenda zake bila kuniona, naye muda wote alikuwa chini ya njia ninayopita nikienda kuteka maji.

Mama hajajua. Siku ile geti lilifungwa, na Mbarushimana ameapa kunyamaza. Lakini narudi nyumbani kila jioni, Mama ananipakulia chakula, na mimi natazama sahani. Nimwambieje? Wewe ndiye mkubwa wangu, sema.

Mdogo wako,
Latif


Mbugangari
10 Septemba 2025

Latif mdogo wangu,

Nimesoma, nimelia, nimefunga duka. Sasa nimenawa uso na nakuandikia kwa akili timamu: usimwambie.

Nisikilize vizuri. Yule fundi kutoka Kigali alisema nini kuhusu nyumba ya Mama? Alisema chini yake ni shimo tupu, ule ufa wa jikoni unatoka huko, na kabla mvua kubwa hazijaanza asiwemo mtu ndani. Nyumba zote za kambi ya wachimbaji zilishahamwa, imebaki ya Mama peke yake. Tumembembeleza tangu Idi, anasema mumewe akirudi atabisha mlango ule.

Sasa mwambie leo kwamba mumewe amefariki. Ataingia eda papo hapo. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba aliyoachwa nayo, hatoki ila kwa dharura. Unamjua Mama kwa dini yake. Hata nyumba ikishika moto atauuliza moto kwanza umetumwa na nani. Mvua zote zitamkuta mle ndani, na itakuwa sisi tuliomfungia.

Tutafanya hivi. Mimi nitamtafutia sababu ya kushuka. Akishafika kwangu, ameketi, amekunywa chai, ndipo nitamwambia, na eda ataikaa hapa Mbugangari juu ya sakafu isiyo na shimo. Wewe nyamaza tu, na ule chakula chako.

Baba naye hawezi kukaa stoo pamoja na majembe. Nimezungumza na wazee wa msikiti. Mlete Jumatano ijayo, tutamzika hapa mjini, kimya kimya. Najua ni uongo, Latif. Ni uongo wa wiki mbili, na nitaubeba mimi.

Dada yako,
Mukantwari


Mbugangari
10 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nina habari njema: wapo watu wanataka kuja kuposa kwa Igihozo wetu, na haiwezekani bibi yake asiwepo. Njoo mapema, wiki hii ikiwezekana, unisaidie kupanga. Latif atakuletea gari mpaka chini ya kilima. Njoo na nguo za kutosha, utakaakaa kidogo.

Binti yako,
Mukantwari


Kambini, Gahondo
14 Septemba 2025

Mwanangu Mukantwari,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu inanidai.

Posa ya Igihozo? Mjukuu wangu yuleyule aliyeniambia siku ya Idi kwamba hataki kusikia habari za mwanamume mpaka amalize chuo? Basi huyo kijana ana ulimi mtamu sana. Mwambie Igihozo aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake, jina la mchumba na la baba yake mchumba. Nikishayapata nitaanza kutafuta viatu.

Huku nimekuwa mtu wa kutazamwa. Nziza amebandika kibao mlangoni kwangu: Nyumba ya Mchimbaji. Amepaka rangi vile vigari vya reli mpaka vinang'aa kuliko siku vilipokuwa vinafanya kazi. Jumamosi walikuja wageni, na akawaambia, "Huyu mama ni mke wa mchimbaji." Nilipenda hakusema mjane. Bibi mmoja aliniomba nikae mlangoni nichambue maharage apige picha. Nikamwambia maharage nimeshachambua, yako jikoni yanaiva, aje aonje. Hakuja. Wanaupenda umaskini wetu kwa kuutazama, kuula hawataki.

Usinieleze tena habari za ufa. Naujua, naishi nao. Zamani nilikuwa naingiza kidole kimoja, sasa vinaingia viwili. Nimeuziba kwa matambara. Lakini baba yenu alitokea mlango huu, na mimi sikumwambia popote pengine atakaponikuta. Umesahau nilivyokuwa nakwenda kukaa pale mpakani, Petite Barrière, natazama sura za wanaume wanaovuka kutoka Goma? Watu waliniambia wamemwona Goma, wamemwona Bukavu, ana ndevu, hana ndevu. Mwaka wa vita tulikimbia wote, na nilikuwa wa kwanza kurudi hapa. Sikurudi kwa sababu ya ukuta.

Jambo jingine. Latif hali. Nikimwuliza ananiambia tumbo. Kama kuna mtu amemwudhi kazini, mwulize wewe.

Mama yako


Mgodini
18 Septemba 2025

Dada,

Nilifika salama. Jana sikuweza kuzungumza nawe vizuri pale makaburini, watu walikuwepo.

Nashukuru ulinipa nafasi ya kuingia kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi. Sikuwahi kubebwa naye, nikambeba mimi.

Bon, sasa matatizo. Niliporudi, Mama alikuwa mlangoni. Akatazama suruali yangu magotini, akaniuliza, "Huu udongo mweusi umeutoa wapi?" Unajua huku kwetu udongo ni mwekundu, mweusi ni wenu wa huko mjini Gisenyi, wa volkano. Nikasema nilianguka na moto karibu na gereji. Akasema pole. Akanipa maji ya kunawa, akasimama pale pale akinitazama ninavyonawa.

Posa hakuiamini hata kidogo. Mawingu yameanza kukaa juu ya kilima tangu asubuhi. Donc, tafuta sababu nzito zaidi, na upesi. Mimi siwezi tena kukaa naye meza moja. Ananiita baba, kama wanavyoita watoto wa kiume, na kila akiniita nataka kukimbia.

Latif


Mbugangari
25 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sikutaka kukutia wasiwasi, lakini sasa imebidi. Posa ya Igihozo imeahirishwa kwa sababu mimi ni mgonjwa. Nina uvimbe tumboni na daktari anasema nitapasuliwa. Ninaogopa, Mama. Nataka uwe kando yangu. Usinijibu kwa barua, njoo tu.

Mukantwari


Kambini, Gahondo
30 Septemba 2025

Mukantwari, na wewe Latif unayelala chumba cha pili ukajifanya unakoroma: barua hii ni yenu wote wawili.

Binti yangu, nakuombea afya kwa kila ugonjwa ulionao na usionao. Ulivyokuwa mdogo ulikuwa ukisema uongo unaandika kwa mwandiko mzuri. Barua hii ya uvimbe haina hata herufi moja iliyopinda.

Latif alirudi na udongo mweusi magotini na ndani ya kucha. Mtu akianguka hupata magoti. Kucha hazianguki. Na suruali ile ni ya kuvalia kanzu yake ya Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumatano. Nguo za msikitini na udongo kuchani, hapo mtu ametoka kuzika. Nilingoja mmoja wenu aniambie. Ilipokuja barua ya uvimbe nikavaa viatu, nikamfuata Mbarushimana shambani kwake. Nikamwambia, "Najua umeapa. Sitaki useme kitu. Mi nitataja jina, we nyamaza tu." Nikalitaja jina la baba yenu. Akanyamaza. Kisha akakaa chini kwenye viazi vyake akalia, akanisimulia yote hata taa, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Miaka arobaini nilimngoja mimi, mkamzika nyinyi.

Nina hasira na sijui niiweke wapi. Nilitaka nimwone. Mifupa, ndiyo, hata mifupa. Nilitaka niiguse ile taa nione alivyolibana jina lake, maana nilikuwepo alipokuwa analiandika, nilimwambia anza pembeni zaidi hutaenea, hakunisikiliza. Mlidhani nitafanya nini? Nitapiga kelele? Mlinifanyia hesabu ya mvua na kuta, mkanitoa mimi kwenye hesabu.

Mlichokiogopa ndicho kimekuwa. Siku ile ile niliyotoka kwa Mbarushimana nilikoga, nikavaa nguo zangu za eda, nikafunga mlango wa mbele. Nitakaa miezi yangu minne na siku kumi katika nyumba aliyoniacha nayo mume wangu, kama mwanamke yeyote mwenye mume. Nziza alikuja na wageni wake nikawaambia kupitia dirishani leo hakuna mke wa mchimbaji.

Mvua imeanza. Jikoni kunavuja. Msije kunitoa.

Mama yenu


Mbugangari
8 Oktoba 2025

Mama,

Shikamoo. Sikuugua. Uvimbe hakuna, posa haikuwepo. Nimekukosea na naomba radhi, na sikuombi unipe leo. Nilikuwa naogopa nyumba ile itakufunika, na nikakufanya kama mzigo unaohamishwa. Taa ya Baba ninayo mimi, nimeifunga kwenye kitambaa, ni yako.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu. Nitakwambia ukweli hata wa hili: nilikwenda kutafuta ruhusa ya kukutoa. Nilitaka aandike kwamba mwenye eda anaweza kuhama nyumba ikiwa hatari, nikuletee karatasi yake. Akasema ndiyo, anaweza. Kisha akaniuliza Baba alifariki lini. Nikamwambia mgodi uliporomoka Septemba ya mwaka 1985.

Akauliza tena, "Una hakika? Si mwaka huu?" Nikamweleza yote. Akasema eda huhesabiwa kuanzia siku mtu aliyofariki, haihesabiwi kuanzia siku habari ilipofika. Habari ikichelewa mpaka muda ukapita, eda imekwisha. Mama, alisema wewe huna eda. Iliisha Januari ya mwaka 1986. Nikamwambia Latif alikuwa bado tumboni, akasema basi mwenye mimba hungoja mpaka ajifungue. Kwa hiyo iliisha siku ya kuzaliwa Latif.

Nilimwomba afungue vitabu vyake. Akafungua, ikawa vilevile. Nilitamani aseme kingine chochote. Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani. Ningemwuliza siku ya kwanza nilipopata barua ya Latif, nisingedanganya hata mara moja. Sikumwuliza kwa sababu nilidhani najua. Sote tulidhani tunajua eda ni nini.

Hakuna kinachokushika hapo, Mama. Si dini, si Baba. Toka kabla ukuta haujaanguka. Nakuomba.

Binti yako,
Mukantwari


Mgodini
17 Oktoba 2025

Dada,

Barua yako Mama aliisoma mwenyewe, kisha akanipa akaniambia nimsomee kwa sauti. Nikafika pale penye siku ya kuzaliwa kwangu, akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniuliza, "Wewe ulizaliwa mwezi wa tatu?" Nikasema ndiyo, Mama, we ndiye ulinizaa. Akacheka. Sikupenda kicheko kile.

Siku tatu alibaki ndani na nguo zake za eda. Siku ya nne alivua zile nguo, akafunga vitu vyake kwenye kitenge, akatoka. Nikasema alhamdulillah. Nikamfuata kwa mbali nisimuudhi. Alifika kwenye geti la kambi, pale Nziza alipoweka kamba ya wageni, akasimama. Kamba ilikuwa chini, Dada. Mlinzi alimwambia, "Pita, Mama, njia iko wazi." Alisimama muda mrefu ananyeshewa, kisha akageuka akarudi. Akaniambia amesahau chumvi.

Kesho yake alikwenda tena, akarudi kabla hata ya geti. Safari hii hakutaja sababu.

Leo alfajiri ukuta wa jikoni umeanguka. Yeye alikuwa chumba cha mbele anaswali, hakuumia. Pale palipokuwa na mafiga pana shimo, ukitupa jiwe husikii linapofika. Nilitaka kumbeba. Ndiyo, nilimshika kabisa nikambeba kama mtoto, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na mwanamke wa miaka sitini na tatu ana nguvu kuliko unavyofikiri. Nikamweka chini. Aliniomba msamaha, Dada. Yeye ndiye aliyeniomba mimi.

Nziza amefunga mgodi, wageni hawaji. Mbarushimana amekaa nasi, tunamlinda kwa zamu. Sijui tena nifanye nini.

Latif


Kambini, Gahondo
19 Oktoba 2025

Mwanangu Mukantwari,

Hii naandika nikiwa nimekaa kizingitini, ndani miguu, nje kichwa. Latif yuko pale anajifanya anachonga mpini.

Nimekusamehe. Nilifanya hivyo siku ile ile, nikachelewa kukwambia kwa sababu nilikuwa na mengine.

Siku nilipomzaa Latif nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mkunga alinikanda, akaniambia, "Mama, ingia ndani upumzike." Niliingia. Leo naambiwa saa ile nilikuwa mtu huru, ningeweza kutoka na kichanga changu mgongoni niende nipendako, nisimwulize mtu. Hakuna aliyejua. Shehe hakujua, kampuni iliyojua haikusema.

Unamkumbuka Kimenyi, mwashi aliyekuja kutengeneza paa mkiwa wadogo? Aliniomba nimwoe, maana yangu anioe, nimeshachanganyikiwa. Aliniomba mara mbili. Mara ya pili alivaa koti. Nilimwambia mimi ni mke wa mtu, na nilikuwa na kiburi nikisema. Sasa anauza mkaa Mahoko na ana wajukuu, na si kwamba nilimpenda sana. Alikuwa anacheka vizuri, basi. Lakini nilimjibu kwa neno ambalo halikuwa kweli, na nilidhani ndilo neno la kweli kuliko yote niliyonayo.

Nilivyosikia nina eda nilifurahi, mwanangu. Usishangae. Kungoja kwangu hakukuwa na siku ya mwisho, na hatimaye nikapewa siku ya mwisho, miezi minne na siku kumi, nikasema nitaimaliza halafu nitatoka kama watu wanavyotoka. Shehe amenipokonya hata hiyo. Ana haki, sibishani na vitabu. Lakini mtu aliyefungwa huambiwa lini atatoka. Mimi nimeambiwa nilishatoka zamani, na miguu haijapata habari.

Nimejaribu. Latif atakuwa amekwambia habari za chumvi. Nikifika pale getini naona njia inashuka mpaka Mahoko, naona moto zinapita, najua kabisa kwamba nikinyoosha mguu mmoja utafuatwa na wa pili. Halafu naogopa. Siogopi mzimu wala dhambi. Naogopa tu, kama mtoto anayeachwa sokoni. Nyuma yangu nyumba inaingia ardhini na mimi naikimbilia hiyo hiyo. Nimeona haya kuiandika hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukuandikia.

Kwa hiyo njoo. Latif hatoshi, ana huruma nyingi, nikilia ananiweka chini. Njoo wewe mwenye kichwa kigumu kama changu. Usije na posa wala ugonjwa, wala karatasi ya shehe. Nishike mkono, mkono wa kulia, twende. Usinizungumzishe njiani. Tukifika getini nitakwambia turudi, nitataja chumvi, nitataja baba yenu, nitakwambia nimekufa kwa baridi. Nitakuapia.

Usinisikilize.

Mama yako